Mafuta ya Nazi Yanapoganda

Mafuta ya nazi yaliyotoka Mombasa yakimiminika, yakifika Nairobi mwezi Julai huganda meupe chupani. Wapo wanaoyamwaga wakidhani yameharibika au yamechakachuliwa. Tafadhali, usiyamwage! Mafuta haya huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi za Selsiasi, na baridi ya Nairobi iko chini ya hapo. Tumbukiza chupa kwenye maji ya vuguvugu, yatayeyuka tena.

Ndani ya kitu kigumu, chembe zimeshikamana kwa mpangilio, kila moja ikitetemeka mahali pake. Joto huzidisha mtetemo huo mpaka mpangilio unavunjika na chembe zinaanza kupishana: hapo kitu kimeyeyuka. Dhahabu hungoja nyuzi 1,064, chuma, 1,538.

Ajabu zaidi ni barafu. Inapoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0, kwani joto lote inalopokea linatumika kuvunja mpangilio ule. Ndiyo maana wachuuzi wa samaki huitegemea: kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto ambalo lingepasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80.