Hotuba ya Kamati ya Kilimo: Dawa Iliyo Kando ya Njia

Mmepanda Uporoto na baridi yote hii ya Julai ili kuja kukaa nasi. Asanteni sana.

Mwaka huu Kamati ya Kilimo haikuja kujisifu. Tumekuja kutoa hesabu, na hesabu yenyewe inaanza na kosa letu.

Misimu mitatu iliyopita mlichanga fedha, tukanunua mabomba ya kunyunyizia na dawa za wadudu kwa ajili ya vikundi vya akina mama wanaolima maharage, kabichi na viazi. Nia ilikuwa njema. Msimu wa kwanza kabichi zilipendeza. Msimu wa pili dawa ile ile haikuua kitu, nasi tukaongeza kipimo. Msimu wa tatu mizinga ya nyuki ya majirani ikabaki mitupu, na mama mmoja wa kikundi akaanguka shambani akitapika, akalazwa siku mbili. Alinyunyiza bila glovu wala kitambaa mdomoni, kwa kuwa sisi tulinunua dawa tukasahau glovu. Mama yule amepona na leo tunaye hapa. Alitusamehe kabla hatujamwomba. Hata hivyo, msamaha wake haukutuondolea wajibu wa kutafuta njia nyingine.

Ndugu zetu, sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunalima pareto. Maua yake yanakwenda kiwandani Mafinga, kisha yanauzwa nje ya nchi kutengenezea dawa ya wadudu inayosifiwa duniani kwa kuwa inaoza upesi juani. Sisi tunaouza ua hilo ndio hao hao tunaoingia dukani kununua sumu iliyotoka mbali. Hapo ndipo tulipoanza kuangalia kilichopo kandokando ya njia zetu, tukauona utupa.

Wazee mnaujua utupa. Ni ule mti mdogo wenye majani laini na maganda yenye manyoya, ambao babu zetu waliutwanga wakamwaga mtoni ili samaki waelee. Ndani yake mna sumu iitwayo rotenoni. Kinacholegeza samaki ndicho kinachoua vidukari na funza. Utafiti uliofanyika Tanzania na Malawi na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mikunde iliyonyunyiziwa maji ya mimea kama utupa ilizaa vizuri kukaribia ile ya dawa za kiwandani, na wadudu rafiki walisalimika zaidi. Wadudu rafiki ni kama vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni, buibui, na nyigu wadogo. Hao ni vibarua wasiodai ujira. Ukiwaua, kazi yao utaifanya wewe kwa fedha yako.

Tulipojaribu mara ya kwanza, tulishindwa. Nusu ya mashamba hayakuona nafuu, na watu wakatucheka. Tulipouliza wanaojua, tukapata majibu mawili. La kwanza, tulikuwa tunanyunyiza saa sita mchana, na jua huiharibu rotenoni upesi. La pili, si kila utupa ni dawa. Huko Malawi, wataalamu walioipima miti ya utupa kutoka kwa wakulima walikuta takribani robo yake haina rotenoni kabisa, na kwa macho inafanana na mingine. Walieleza hayo mwaka 2012. Kumbe baadhi yetu tulikuwa tunatwanga majani matupu.

Basi tukaanza kupima wenyewe. Unachukua chupa mbili zenye maharage na fukusi. Moja unatia unga wa majani makavu ya mti mmoja, nyingine huweki kitu. Fukusi wakifa kwenye ile yenye unga tu, mti huo unautia alama na kutunza mbegu zake. Wakiendelea kutembea, mti huo unabaki wa kurutubisha udongo, kwani nao ni jamii ya mikunde.

Kipimo tunachotumia ni hiki: kilo 1 ya unga wa majani makavu, maji lita 10, na sabuni ya maji vijiko vidogo viwili. Loweka siku moja, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jioni, rudia kila wiki. Na tuseme wazi, kuitwa ya asili hakuifanyi kuwa maziwa. Vaa glovu, funika pua na mdomo, na bomba lisioshwe mtoni, maana samaki watakufa kama enzi za babu.

Tusiwadanganye pia kuhusu magonjwa. Utupa hauponyi ukungu wa viazi wala mnyauko. Ukungu ule wataalamu huuita bakajani chelewa. Ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Huo tunaupunguza kwa kupanda mbegu inayoustahimili kama Sherekea, kuacha nafasi ili upepo upite, na kuzika majani yaliyougua. Mnyauko unakaa kwenye udongo na husafiri ndani ya mbegu, kwenye maji na kwenye tope la jembe. Ukiuona, ng'oa shina pamoja na viazi vyake, usivitupe kwenye mboji wala mtoni, osha jembe, na shamba hilo ulipe mahindi au ngano kwa misimu kadhaa. Zaidi ya yote, usipande mbegu usiyojua ilikotoka. Hapo ndipo wengi tunapoumia: viazi vikubwa tunauza, vidogo vyenye ugonjwa tunarudisha shambani.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ina mambo matatu. Kwanza, kitalu cha utupa uliopimwa, kando ya shule ya msingi, ili kila kaya ipate miche ya kupanda kwenye mipaka ya shamba. Pili, ghala la mbegu za viazi lenye mwanga hafifu na rafu za mbao, ambamo mbegu safi zitachipua vizuri bila kuoza. Tatu, glovu na viatu vya mpira kwa kila anayeshika bomba. Hili la tatu tunaliita deni, siyo mchango.

Hatuahidi shamba lisilo na mdudu. Tunaahidi kuwa mwakani tutasimama tena hapa, tuwaonyeshe daftari la matumizi, na kuwapeleka kitalu mkakione kwa macho. Na yule mama aliyeanguka ndiye tuliyemwomba atunze funguo za ghala. Amekubali.

Ndugu zetu, mkono mmoja haulei mwana.