KOFI LA LEBA LINA MKUBWA WAKE

(Hotuba ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya mkutano wa akina mama wa tawi. Tumeipunguza kidogo.)

Ndugu Mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba mliosimama kule nyuma kama mmekuja kusindikiza tu: shikamooni.

Mimi ni kijana wa kiume, nimeishia kidato cha nne, na uchungu wa kuzaa nausikia kwa kusimuliwa. Sikuja kuwafundisha kuzaa. Nimekuja kuzungumzia kofi. Lile kofi la leba, pamoja na lile tusi la "ulipokuwa unaitafuta mimba ulilia?" Kila ninapowauliza akina mama habari hii, wanacheka kwanza, halafu wananyamaza. Mmezoea kuuita ukali wa manesi. Mimi nasema ni uvunjaji wa haki, na mahakama imeshasema hivyo, hapo tu kwa jirani zetu wa Kenya.

Juni 2013 Serikali ya Kenya ilitangaza kwa vifijo kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Agosti mwaka huohuo mama mmoja akaenda hospitali ya wilaya ya Bungoma kuanzishiwa uchungu. Akatakiwa alipie dawa na pamba. Bure gani hiyo? Uchungu uliposhika, akajikokota kwa miguu hadi chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vyote vina watu. Akiwa njiani kurudi, akaanguka, akapoteza fahamu, akajifungulia sakafuni. Kilichomzindua ni makofi na matusi ya manesi wawili waliomgombeza kwa kuchafua sakafu. Kisha akaamriwa abebe kondo lake mwenyewe arudi chumba cha kujifungulia.

Bahati yake, kuna mtu alinasa tukio lile kwa video. Bila video lingebaki neno la mama dhidi ya faili la hospitali, na sote tunajua faili huandikwa na nani.

Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma akatoa hukumu: haki ya mama yule ya afya na utu wake vimevunjwa, alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya, na aombwe radhi. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Jaji hakuishia kwa manesi. Alisema serikali ya taifa na ile ya kaunti zilishindwa kutenga fedha za kutosha na kusimamia viwango vya huduma. Yaani mkono ulikuwa wa nesi, lakini kofi lilikuwa na mkubwa wake, aliyekaa ofisini mbali kabisa na ile sakafu.

Na Uganda nako, Agosti 2020, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi kwa wazazi ni kuvunja katiba.

Turudi kwetu. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito asilipishwe. Haya, nani hapa alikwenda kujifungua bila kubeba glavu, wembe na pamba kwenye beseni? Naona mikono haipandi. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa. Haikuandika "isipokuwa leba".

Wakubwa watawaambia vifo vya wazazi vimepungua. Tuwe wakweli, utafiti wa 2022 ulionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Hiyo ni hatua, hata sisi wa upinzani tuikubali. Lakini mama aliyepigwa akatoka hai haonekani kwenye hesabu hiyo. Na mimba ijayo, akikumbuka lile kofi, atabaki nyumbani na bibi yake. Akivuja damu usiku huo, je?

Sitaki mtoke hapa mkawavizie manesi getini. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, wazazi wamejaa na maji hayatoki, naye ameonewa. Ila kuchoka si kibali cha kupiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohoji akina mama 641 katika vituo 13 vya Kenya, ulikuta mmoja kati ya watano alitendewa vibaya alipokwenda kujifungua. Huo si ukorofi wa nesi mmoja.

Likikupata, andika tarehe, saa na zamu, na aliyekusindikiza naye aandike. Barua iende kwa mganga mfawidhi, nakala kwa diwani, na nyingine ubaki nayo. Na mgombea akija na khanga, awe wa chama tawala au wa chetu, mwulize zahanati hii ina wakunga wangapi usiku. Khanga pokea, lakini jibu lazima alitoe.

Mwenyekiti, yule mama wa pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja beseni. Naomba apewe nafasi.