Mtindi, Bakteria wa Utumbo na Mishipa ya Damu



Mgonjwa wa presha akisikia habari za bakteria wazuri, swali lake huwa moja: nikinywa mtindi, au zile kapsuli za probiotiki, niache vidonge? Asiache. Lakini swali lina msingi, na msingi huo uko hapahapa kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, na wenzake waliwapima wanaume 400 wa Kimasai huku Tanganyika. Chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, mafuta tele, ila lehemu katika damu ilikuwa ndogo na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa za nadra. Mwaka 1974 Mann na mtafiti mwenzake Spoerry wakachapisha jaribio la wanaume 24 wa Kimasai waliokunywa maziwa mgando kwa wingi: walinenepa, na bado lehemu ikashuka.

Maziwa hayo si mtindi wa paketi. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu, kisha maziwa hutiwa na kuachwa siku kadhaa yagande. Bakteria waliobaki kwenye kuta za kibuyu ndio chachu, na uchunguzi uliofanywa Kenya ulikuta wengi wao ni wa jamii ya Lactobacillus.

Wauza kapsuli huishia hapo. Hawamtaji Mann yuleyule wa 1972, aliyeeleza uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Kuta za ateri za moyo zilikuwa zimenenepa sawa na za wazee wa Kimarekani! Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia, na Mann aliona sababu ni miili iliyozoea mwendo. Kwa maoni yangu, maziwa yalishughulika na lehemu. Mishipa iliokolewa na miguu.

Utumboni nako mambo hayaendi upande mmoja. Bakteria wakipata nyuzinyuzi za dona, maharage na mboga za majani, hutengeneza asidi fupi za mafuta kama butireti, zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe mwilini. Wakipata kolini ya mayai na kanitini ya nyama nyekundu, hutoa trimethilamini, ambayo ini huigeuza kuwa TMAO. Kundi la Stanley Hazen, Cleveland Clinic, lilifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa miaka mitatu. Matokeo ya 2013 yalionyesha kuwa wenye TMAO nyingi walipatwa zaidi na shambulio la moyo, kiharusi au kifo. Uhusiano huo hauthibitishi chanzo. Samaki wa baharini wana TMAO tayari, na sijasikia daktari akimkataza mtu changu.

Linalonigusa zaidi ni chumvi. Utafiti wa Berlin wa 2017 uliwaongezea wanaume 12 wenye afya gramu 6 za chumvi kwa siku, kwa siku 14. Presha ilipanda, na aina nyingi za Lactobacillus zilizokuwa tumboni mwao zikatoweka. Yaani mtu ananunua bakteria dukani huku akiwaua mezani.

Napendekeza kliniki zetu za presha ziulize mambo mawili kabla ya kutaja probiotiki: mgonjwa huongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuiva, na mtindi anaonunua umetiwa sukari kiasi gani?