Mikono Huru, Akili Je?

Msikilizaji wa machimbo ya Mwakitolyo, simu janja nyingi siku hizi hupiga na kupokea simu kwa kusikia sauti yako tu. Kwa mchimbaji mdogo hili si suala la starehe. Mikono iliyotoka kukamatisha dhahabu kwa zebaki haipaswi kugusa simu ambayo jioni mtoto ataichezea nyumbani, kwa kuwa zebaki ni sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Hapo amri ya sauti inasaidia kweli, ingawa haichukui nafasi ya glavu na kunawa kwa sabuni.

Lakini kwa dereva wa bodaboda aliye mwendoni, hata kwa amri ya sauti nasema hapana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara 4 zaidi, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haipunguzi sana hatari hiyo, maana mazungumzo huteka akili. Utasema hata abiria huongea na dereva. Ni kweli, ila abiria akiona lori linakuja hunyamaza. Aliyepiga simu haoni kitu. Utasema mteja atapotea. Simama kando ya barabara, mpigie.

Wapo wanaolalamika kwamba simu haielewi Kiswahili. Google iliongeza Kiswahili katika kuandika kwa sauti mwaka 2017, lakini amri za kupiga simu mara nyingi bado zinataka Kiingereza. Ili simu ikuelewe, hifadhi namba kwa majina mafupi yasiyofanana, na ujaribu mbali na kelele za karasha, mashine ya kusaga mawe.