Lami imekuja, mwenda kwa miguu apite wapi?



Lami inapanda Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, mkulima wa korosho anaijua thamani yake. Ila lami huleta mwendo. Lori na bodaboda zilizokuwa zikinyata vumbini sasa zitakimbia. Lakini mtoto wa shule na mzee mwenye baiskeli wanabaki walewale, kwa mwendo uleule.

Je, dawa ipo? Ipo. Jijini Dar es Salaam, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule, na mwaka 2019 ukatwaa tuzo ya kimataifa ya miji.

Kwa upande wa pili, wapo wanaosema fedha za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hazitoshi hata kuchonga barabara za mitaa, seuze njia za baiskeli. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuta na kivuko havina gharama ya daraja.

Swali linabaki, msikilizaji: mtaani kwako, barabara inajengwa kwa ajili ya gari, au kwa ajili ya watu?