Macho Kwanza, Mikono Baadaye



Leo tuzungumze juu ya voliboli, na hasa ulinzi, ile kazi ya kuokoa mpira usianguke upande wenu. Wengi hudhani mlinzi mzuri ni mwenye mbio tu. Sivyo.

Hebu tupige hesabu. Upande mmoja wa uwanja una urefu wa mita 9. Mpira ukija kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, unavuka mita hizo kwa kama thuluthi moja ya sekunde. Je, hapo kuna muda wa kufikiri? Hakuna! Kwa hivyo mlinzi hodari huanza kazi mapema. Humtazama seta anampa nani mpira, kisha mpigaji: bega limeelekea wapi, mkono unakujaje. Mpira ukipigwa, yeye ashafika.

Hiyo ni akili, lakini si lazima iwe ile ya kuongoza darasani. Mwanafunzi aweza kupata alama za juu na bado mpira ukampita, kwa sababu macho yako uwanjani na fikra ziko kwenye kosa lililopita. Kutuliza fikra ni jambo la kufunzwa, kama vile kupiga sevu.

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa nikifundisha timu ya shule, kulikuwa na msichana niliyempigia kelele kila alipokosa: "Amka wewe!" Akazidi kukosa. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, nikisikia sauti yako simwoni mpigaji." Niliona haya, jamani. Alikuwa karibu kuacha mchezo, na sababu ni mimi.

Nikanyamaza. Nikampa zoezi moja tu: kabla mpira haujapigwa, ataje kwa sauti utakakokwenda, kushoto, kulia au mbele. Mwanzo alikosea sana. Muhula ulipokwisha, ndiye niliyemvisha jezi ya libero, yule mlinzi maalum aliyeingizwa katika sheria za kimataifa mwaka 1998.

Basi wazazi, mtoto akikosa mpira msimwite mjinga. Mwulizeni, "Ulikuwa ukitazama wapi?" Nanyi vijana, mpira uliopita umeshapita. Tazameni unaokuja.