Mradi Huisha, Bodi Hubaki



Kila semina ya shirika lisilo la kiserikali ina bango la plastiki ukutani: nembo za wafadhili juu, kaulimbiu katikati na, chini kabisa, tarehe. Hiyo tarehe ndiyo inayonikera. Kesho yake bango halina kazi tena, na mara nyingi semina yenyewe ilihusu utunzaji wa mazingira.

Basi tuliache bango. Litaezekea banda la kuku, na kuku hawajalalamika. Linalonisumbua zaidi ni taa za sola. Shirika huzigawa kijijini, picha hupigwa, na ripoti huhesabu zilizogawiwa. Miaka michache baadaye betri hufa. Kufikia hapo mradi umefungwa, afisa mradi kahamia shirika jingine, na mfadhili keshapata mada mpya. Betri huishia jalalani au kwenye shimo la choo. Sijaona ripoti yenye safu ya taa zilizokufa.

Mradi una mwisho, bodi ya shirika haina. Ndiyo maana suala la taka hizi haliwezi kuachiwa afisa wa mkataba wa miaka mitatu. Ni la bodi, liingie kwenye ajenda na mihtasari. Sheria zetu za mashirika haya, ya Tanzania ya 2002 na ya Kenya ya 2013 (iliyosubiri hadi Mei 2024 kuanza kutumika), zinadai hesabu za fedha, na bodi huzisoma kwa kuwa mkaguzi yuko njiani. Hesabu ya taka haina mkaguzi.

Inawezekana kufanya vinginevyo, kwa kupanga tangu mwanzo yatakayofuata. Huko Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Husifiwa kwa miti yake, nami nausifu kwa mpangilio wake. Kamati huchaguliwa na wanakijiji wa Gazi na Makongeni. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, husaidia kupima. Shirika la hisani la Scotland hushughulikia mauzo. Matumizi ya fedha, maji na shule zikiwamo, hujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Anayeuza si yule anayepanga matumizi. Tena walijiuliza mapema: tukikataza boriti za mikoko, watu watajengea nini? Wakapanda mivinje.

Mpango huo ni wa miaka 20, kwa hiyo ulibuniwa ukijua kwamba mwenyekiti wa kwanza hatakuwa wa mwisho.

Kwa wajumbe wa bodi mlio humu ukumbini, nina ombi moja. Kikao kijacho, kabla ya mengineyo, mwulizeni mkurugenzi: tulivyovigawa miaka mitano iliyopita viko wapi, na nauli ya kuvikusanya iko kwenye bajeti ipi?